Barua ya wazi kwa wanaogawa fedha za nishati ya muunganiko: ioni nzito nazo zitengewe fungu

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaoshika mafungu ya fedha za utafiti wa nishati ya muunganiko wa nyuklia: Wizara ya Nishati ya Marekani, wizara ya utafiti ya Ujerumani na Tume ya Ulaya. Ombi langu naliweka mwanzoni. Utafiti wa kuwasha muunganiko kwa miale ya ioni nzito, yaani atomi nzito zilizopokonywa elektroni zikabaki na chaji, urudishiwe fungu lake la bajeti, liwe la kudumu na liwe na ofisi inayowajibika nalo. Kwa zaidi ya miaka 10 njia hii imeachwa karibu kabisa. Kila nikizisoma sababu zilizoifikisha hapo, naona nyingi zimetoka kwenye mipangilio ya ofisi kuliko kwenye fizikia yenyewe.

Nianze na habari iliyowafurahisha nyote, nami ikanifurahisha. Tarehe 5 Desemba 2022, katika kituo cha National Ignition Facility huko Livermore, California, miale 192 ya leza ilipeleka megajuli 2.05 ndani ya kikopo cha dhahabu chenye urefu wa sentimita moja hivi. Ndani ya kikopo kulikuwa na kitembe cha fueli chenye kipenyo cha takriban milimita 2. Kuta za dhahabu ziliwaka kwa eksirei, eksirei zikakibana kitembe kutoka kila upande, viini vya deuteri na triti, aina mbili nzito za haidrojeni, vikaungana, na megajuli 3.15 zikatoka. Ilikuwa mara ya kwanza maabara kupata kwenye fueli nishati nyingi kuliko ile iliyofikishwa kwenye shabaha. Kazi ile ni kubwa, na walioifanya wanastahili kila pongezi waliyopewa.

Lakini ninyi kazi yenu ni nishati, kwa hiyo lazima muutazame na upande wa pili wa mita. Ili kutoa megajuli zile 2 za mwanga, leza ilivuta umeme wa takriban megajuli 300. Taa za mmweko 7,680 ziliwaka ili kuvisisimua vioo, sehemu kubwa ya nishati yake ikaishia kuwa joto, na baada ya pigo moja vioo huhitaji saa kadhaa vipoe. Kituo kile kilijengwa kwa ajili ya programu ya silaha za nyuklia za Marekani, na kwa kazi hiyo pigo moja lililopimwa vizuri linatosha. Mtambo wa umeme unataka mapigo 5 hadi 10 kila sekunde, usiku na mchana, mwaka nenda mwaka rudi.

Tupige hesabu kidogo. Chukueni mashine ya kuwashia inayofikisha megajuli 5 kwenye shabaha kwa kila pigo, na shabaha inayorudisha mara 60 ya kiasi hicho, yaani megajuli 300 za joto. Mitambo ya mvuke itageuza kama asilimia 40 ya joto hilo kuwa umeme, sawa na megajuli 120. Ikiwa mashine ya kuwashia ina ufanisi wa asilimia 1, itadai megajuli 500 za umeme ili itoe zile 5, na mtambo utakula kuliko unavyozalisha. Ufanisi ukiwa asilimia 30, itadai chini ya megajuli 17, na zaidi ya 100 zitabaki kwa kila pigo. Mapigo 5 kwa sekunde yatakupa megawati zaidi ya 500 za kupeleka kwenye gridi. Shabaha haikubadilika, fueli haikubadilika. Kilichobadilika ni mashine ya kuwashia peke yake.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mashine hiyo ichaguliwe kwa vigezo vya mtambo wa umeme tangu mwanzo. Haki isemwe: leza mpya zinazosisimuliwa kwa diodi zimeiacha mbali ile ya Livermore, na wanaozibuni wanalenga ufanisi wa asilimia 10 na kuendelea. Sipingi zipewe fedha. Napinga zipewe peke yake, wakati ipo mashine nyingine, kiongezakasi cha chembe, kinachosukuma chembe zenye chaji hadi kasi kubwa, ambayo ufanisi wa asilimia 20 hadi 40 ni jambo la kawaida katika michoro yake, na ambayo imezoea kazi ya zamu.

Kiongezakasi cha chembe hakiogopi kurudia. Huko Oak Ridge, Tennessee, tangu mwaka 2006 kituo cha Spallation Neutron Source kinapiga shabaha ya zebaki kwa protoni mara 60 kila sekunde. Kinapofanya kazi kwa megawati 1.4, kila pigo hubeba kilojuli 23 hivi na hutua kwa muda usiofika mikrosekunde moja. Huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, mashine kubwa ya LHC yenye mzingo wa kilomita 27 iliundwa kubeba zaidi ya megajuli 300 katika kila mmoja wa miale yake miwili, na mwale wote unaweza kutolewa nje kwa mikrosekunde zisizozidi 90. Kwa hiyo kuhifadhi megajuli ndani ya mwale ni jambo ambalo wahandisi wamekwisha kulifanya. Kurudia mapigo bila kuchoka nako wamekufanya. Yaliyobaki ni kuibana nishati hiyo hadi ifike kwa nanosekunde 10 kwenye doa la milimita chache, na hapo ndipo penye kazi kweli. Nitapafikia.

Kwanza kuna jambo la lenzi ya mwisho, ambalo halizungumzwi inavyostahili. Katika mtambo wa leza, kipande cha mwisho cha kioo lazima kitazamane na mlipuko. Kila pigo hukimwagia nyutroni, eksirei na vumbi la shabaha, mara kadhaa kwa sekunde. Hata huko Livermore, ambako mapigo ni machache, vioo vya mwisho hutolewa, hutengenezwa na kurudishwa kwa mzunguko usiokoma. Mwale wa ioni hukusanywa kwa sumaku, na sumaku ina tundu katikati. Mwale unapita kwenye tundu, koili zinakaa pembeni nyuma ya kinga nene, na katika mstari unaotazama mlipuko hakuna kitu cha kuvunjika. Kwa mtu atakayeendesha mtambo miaka 30, tofauti hiyo ni kubwa kuliko asilimia yoyote ya ufanisi.

Tundu hilo linaruhusu jambo jingine. Wabunifu wa Livermore, katika mchoro walioupa jina la HYLIFE-II, waliizungushia shabaha michirizi ya chumvi iliyoyeyuka yenye florini, lithi na berili. Kimiminika hicho hupokea nyutroni badala ya chuma cha ukuta, hubeba joto kwenda kwenye mitambo ya mvuke, na lithi iliyomo huzaa triti mpya. Triti hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi na karibu haipatikani katika maumbile, kwa hiyo mtambo usiojizalishia triti yake hauendi popote. Pigo likipita, michirizi hujipanga upya kabla ya pigo jingine. Ukuta unaojijenga wenyewe mara 5 au 6 kwa sekunde unanivutia kuliko chuma chochote kipya ninachosoma habari zake.

Wazo lenyewe lina umri. Katikati ya miaka ya 1970, Alfred Maschke wa maabara ya Brookhaven na Ronald Martin wa Argonne walitambua kwamba mashine za aina waliyozoea kuzijenga ili kuchunguza chembe zingeweza kubeba nishati ya kuwasha kitembe cha fueli. Julai 1976 wataalamu wa viongezakasi na wa muunganiko walikutana California kulichambua wazo hilo. Mwaka 1981 Wajerumani pamoja na Chuo Kikuu cha Wisconsin walitoa mchoro wa HIBALL, mtambo wenye vyumba vinne vya milipuko vinavyolishwa na kiongezakasi kimoja. Hilo nalo likumbukwe: kiongezakasi kinaweza kupiga mara nyingi kuliko chumba kimoja kinavyoweza kupokea, kwa hiyo gharama yake hugawanywa.

Sasa nije kwenye ugumu, maana sitaki mtu awaambie kesho kwamba niliuficha.

Chembe inayopelekwa kwenye shabaha lazima isimame ndani ya tabaka jembamba na kuacha nishati yake hapo. Protoni, ili isimame mahali hapo, haiwezi kubeba zaidi ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni chache. Ukitaka megajuli 5 kwa protoni za namna hiyo ndani ya nanosekunde 10, unahitaji mkondo wa ampia milioni 100. Ioni ya bismuthi, yenye uzito wa zaidi ya protoni 200, inaweza kubeba elektronivolti bilioni 10 na bado ikasimama hapohapo. Mkondo unashuka hadi ampia 50,000 hivi, uliogawanywa katika makumi ya miale. Ndiyo sababu ioni ziwe nzito.

Hata hivyo ampia 50,000 ni nyingi mno kwa chembe zenye chaji ya aina moja. Ioni zinasukumana, na kadiri unavyozibana ndivyo zinavyosukumana zaidi. Katika michoro ya Marekani zinaongezewa kasi na mfululizo wa seli za induksheni, teknolojia aliyoianzisha Nicholas Christofilos huko Livermore mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kila seli ina pete kubwa ya utepe mwembamba wa chuma chenye usumaku. Umeme ukipigwa kwenye pete, volteji inajitokeza kwenye uwazi wa katikati na kuusukuma mwale unaopita. Ni transfoma ambayo waya wake wa pili ni mwale wenyewe. Mwale unaingia ukiwa mrefu, mita nyingi, na unatakiwa kuifikia shabaha ukiwa na urefu usiofika mita moja.

Kuufupisha hufanywa hivi. Seli za mwisho hupandisha volteji kadiri mwale unavyopita, hivyo ioni za mkiani hutoka na kasi kuliko zilizotangulia, kama msafara ambao walio nyuma wameongezewa mwendo ili wote wafike mlangoni kwa pamoja. Zinapokaribiana zinataka kusambaa. Hapo mwale hupitishwa ndani ya plazma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimeachana na atomi, na elektroni za plazma hujipenyeza kati ya ioni na kuifuta chaji inayozisukuma. Mwaka 2005 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley walionyesha kwamba jambo hili linafanyika: mkondo wa mwale wao uliongezeka mara 50 mwishoni mwa safari, ukatua ndani ya nanosekunde chache. Mwale ule ulikuwa dhaifu, mbali sana na unaohitajika. Lakini hatua ambayo wengi waliiona kuwa kikwazo kikuu ilipimwa kwa macho na vyombo, ikakubali.

Mashine iliyofuata, NDCX-II, ilijengwa Berkeley kwa dola milioni 11 zilizotokana na sheria ya kuinua uchumi ya mwaka 2009, na sehemu zake nyingi zilikuwa seli zilizokwisha kustaafu kwenye kiongezakasi cha zamani cha Livermore. Tazameni bei hiyo. Kwa dola milioni 11 na vyuma vya akiba, kikundi kidogo kilijenga chombo cha kusogeza mbele swali la nishati. Kilikamilika mwaka 2012, na katika kipindi hichohicho fedha za muunganiko kwa ioni nzito zikakatwa. Chombo kikatumika kupima jinsi mionzi inavyoharibu maada. Kikundi kikatawanyika.

Kwa nini? Mara nyingi jibu hutolewa kwamba njia hii ni ghali kuingia. Ni kweli. Leza unaweza kuijenga mwale mmoja mmoja na kujifunza kwa kila mmoja. Kiongezakasi cha kuwasha shabaha kinataka kilomita kadhaa na mabilioni ya dola kabla hakijawasha chochote, na mpaka leo hakuna shabaha ya muunganiko iliyowahi kuwashwa kwa ioni. Zao kubwa la shabaha hizo limo kwenye hesabu za kompyuta. Mwekezaji binafsi anayetaka matokeo ndani ya miaka 5 hataigusa kazi hii, nami simlaumu. Fedha za umma zipo kwa ajili ya kazi kama hizi.

Sababu nyingine haisemwi sana, nayo ndiyo iliyonifanya nikae niandike. Njia hii haina mwenyewe. Ofisi ya silaha ina leza zake na haihitaji ufanisi wala kurudia. Ofisi ya muunganiko imekulia kwenye sumaku na plazma inayozungushwa, na macho yake yako kwenye ITER, kinu kikubwa cha kimataifa cha majaribio ya njia hiyo ya sumaku kinachojengwa Ufaransa. Ofisi ya fizikia ya chembe inasema viongezakasi vyake ni vya kutafuta chembe, na umeme uko kwa jirani. Ombi la mtafiti wa ioni nzito linapigwa danadana kutoka mlango huu hadi ule, na kila mlango una sababu nzuri ya kulikataa. Sababu tatu nzuri zikijumlishwa zimeua utafiti ambao hakuna hata ofisi moja kati ya hizo iliyowahi kuuhukumu kuwa haufai.

Mwaka 2013 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa tathmini yake ya nishati ya aina hii. Ilipitia leza, ioni nzito na mapigo makubwa ya umeme, ikasema wakati mwafaka wa kuanzisha programu ya kitaifa, iliyoratibiwa na iliyo pana, ni pale muunganiko utakapowaka. Uliwaka Desemba 2022. Mwaka mmoja baadaye Wizara ya Nishati ilitangaza dola milioni 42 kwa miaka minne kwa vituo vitatu, kimoja kikiongozwa na Livermore, kimoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na kimoja na Chuo Kikuu cha Rochester. Vyote vitatu kazi yake imejikita kwenye leza. Nawauliza kwa heshima: upana uliopendekezwa uko wapi?

Kwa Berlin nina neno la karibu zaidi. Mwaka 2023 mliahidi zaidi ya yuro bilioni 1 kwa utafiti wa muunganiko hadi 2028, mkataja njia ya sumaku na njia ya leza. Nchi yenu ndiyo yenye maabara ya GSI huko Darmstadt, mahali ambapo ioni nzito zimechunguzwa kwa miongo mingi, na hapohapo mnajenga kituo kipya cha viongezakasi, FAIR, ambacho pete yake kuu ina mzingo wa mita 1,100. Miale ya kituo hicho haitawasha kitembe cha fueli. Itaweza kupasha joto maada nzito na kutuonyesha jinsi ioni zinavyosimama ndani ya kitu kilichokwisha kuwa plazma, jambo ambalo hesabu za shabaha zinalitegemea. Wekeni saa za mwale kwa kazi hiyo kila mwaka, ziandikwe kwenye ratiba, zisisubiri majaribio mengine yamalizike.

Na Brussels, ninyi tayari mmekiamini kiongezakasi. Huko Granada, Hispania, mnaunga mkono ujenzi wa IFMIF-DONES, ambako mwale wa deuteroni (viini vya deuteri) wa miliampia 125 utapiga lithi ya kimiminika ili kutoa nyutroni za kupimia vyuma vya vinu vya baadaye. Huko Rokkasho, Japani, sehemu ya mwanzo ya mashine ya aina hiyo ilifikisha miliampia 125 mwaka 2019. Wahandisi waliojifunza kuulea mwale mnene kiasi hicho bila kuuacha uguse kuta ndio haohao wanaohitajika kwa ioni nzito. Kuwapa sehemu ndogo ya muda wao kwa kazi hii hakuhitaji jengo jipya.

Ninachowaomba kwa pamoja hakifiki hata karibu na mabilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walipanga jaribio moja la kuunganisha hatua zote, tangu chanzo cha ioni, kuongeza kasi, kufupisha, hadi kukusanya mwale kwenye doa, kwa kipimo cha kati. Halikujengwa. Lifufueni, safari hii kwa mkono wa Marekani na Ulaya pamoja, na lianze na miaka 3 ya usanifu inayolipiwa kikamilifu. Lipewe vigezo vya kulikatisha vilivyoandikwa kabla ya kuanza: mwale ukishindwa kufupishwa kwa mkondo mkubwa, au doa likizidi ukubwa uliokubaliwa, kazi isimame na sababu zichapishwe. Nitalikubali jibu la namna hiyo bila kinyongo. Nisiloweza kulikubali ni njia kufa kwa kukosa mlango wa kubisha.

Na fanyeni haraka kwa jambo moja. Waliosanifu seli zile, waliofahamu kwa nini mwale ulitikisika siku fulani na ukatulia baada ya kubadilisha sumaku ipi, wengi wamestaafu. Maarifa hayo hayamo yote kwenye ripoti. Ruzuku chache za kuwaweka vijana karibu nao kwa mwaka mmoja au miwili zinagharimu kidogo kuliko karibu kila kitu nilichokitaja hapa, na nafasi hiyo haitakuwapo kwa muda mrefu.

Naomba jibu lenu nalo liwe la wazi, lenye majina: katika kila moja ya taasisi zenu, ni ofisi ipi itakayopokea maombi ya utafiti wa ioni nzito kwa nishati ya muunganiko, na kuanzia mwaka gani wa fedha.

Wasalaam.